Mwega Kwanza, Tipa Baadaye

Je, umewahi kusukuma toroli? Bila shaka umewahi, au umemwona mtu akisukuma. Unapofika mahali pa kumwaga mchanga, huhitaji koleo. Unainua mikono miwili. Toroli linainama mbele. Mchanga unamwagika wenyewe.

Basi toroli ni tipa dogo. Lori kubwa la tipa linafanya kazi ile ile. Tofauti yake ni hii: toroli huinuliwa kwa mikono ya mtu mmoja, na lori huinuliwa kwa nguvu ya mashine.

Kati ya toroli na lori kipo kitu cha tatu. Ni pikapu ndogo ambayo fundi wa karibu ameitengenezea bodi la kuinuka. Habari ya leo ni juu ya pikapu hiyo.

Hapa Mlali, chini ya milima ya Uluguru, tunaona pikapu kila siku. Nyingine zinashuka kutoka Mgeta na kabichi, karoti na viazi. Nyingine zinachukua nyanya mashambani kwetu. Zinapita Sangasanga, zinashika barabara kuu, zinaingia Morogoro mjini. Siku nyingine pikapu hizo hizo hubeba mchanga, kokoto na samadi. Hapo ndipo watu hushika makoleo, na jioni migongo huuma.

Kwa hiyo si ajabu kusikia watu wa kikundi wakisema, "Kwa nini tusitengeneze tipa letu wenyewe?"

Swali hilo ni zuri. Mimi nasema inawezekana. Chuma kipo, mafundi wapo, na akili tunazo. Lakini nina maoni yangu, na ninakuomba uyapime. Maoni yangu ni haya: kikundi kisinunue jeki ya kuinulia bodi kabla ya kununua chuma cha mwega. Na fundi asimaliziwe fedha yake kabla mwega haujafungwa na kujaribiwa mbele ya wote.

Mwega ni nini? Mwega ni nguzo ya kushikilia kitu kisianguke. Nyumba ikianza kuinama, tunaiwekea mwega. Mgomba wenye mkungu mzito tunauwekea mwega. Bodi la tipa nalo linataka mwega.

Sasa nitaeleza kwa nini.

Kopo la grisi

Siku moja nilikwenda kumtazama fundi akitengeneza pikapu ya namna hiyo. Asubuhi waliinua bodi kwa jeki ya mafuta. Lilipanda vizuri. Sote tulifurahi. Kijana mmoja aliingia chini ya bodi, akapaka grisi kwenye bawaba. Alikaa huko muda mrefu, akiimba.

Saa sita mchana tulikwenda kula. Bodi tuliliacha juu. Kijana aliacha kopo lake la grisi juu ya chasisi, chini ya bodi.

Tuliporudi, bodi lilikuwa chini. Hakuna aliyeligusa. Hakuna aliyesikia kishindo. Tuliliinua tena tukaona kopo la grisi. Lilikuwa bapa kama chapati.

Yule kijana alilishika kopo lile, akaligeuza huku na huku. Hakuimba tena siku hiyo.

Ndugu msomaji, hakuna aliyeumia. Lakini kama tungechelewa kwenda kula, hadithi hii ingekuwa ya msiba.

Kinachoinua si kinachoshikilia

Kosa letu lilikuwa nini? Tulidhani kwamba kitu kilichoinua bodi kitalishikilia pia. Hayo ni mambo mawili tofauti.

Jeki ya mafuta ina mafuta ndani ya silinda. Unapopampu, mafuta yanasukuma chuma, chuma kinapanda. Ndani yake mna mpira unaozuia mafuta yasirudi. Mpira huo ukichakaa, mafuta hupenya polepole. Bodi hushuka polepole. Pengine hutaona kitu. Paipu ya mafuta ikipasuka, bodi halishuki polepole. Linaanguka mara moja. Mtu akigusa kifungulio cha mafuta kwa kiwiko, linaanguka vile vile.

Wengine hutumia winchi na kamba ya chuma. Hiyo nayo si salama peke yake. Kamba ya chuma hukatika uzi mmoja mmoja. Jino la winchi huteleza. Mahali palipochomelewa vibaya huachia.

Jeki imetengenezwa kwa kazi ya kuinua. Mwega umetengenezwa kwa kazi ya kushikilia. Jeki ina mafuta, mpira na kifungulio. Mwega ni chuma kitupu kilichosimama. Hauna kitu cha kuvuja.

Wahenga walisema, "Mtaka cha mvunguni sharti ainame." Ni kweli. Lakini mvungu wa tipa si mvungu wa kitanda. Huko usiiname kabla mwega haujasimama.

Je, tunahitaji tipa kweli?

Kabla ya kutafuta fundi, kaeni kikundi kizima mjiulize swali hili. Msione haya kuuliza. Tipa lina faida, lakini lina gharama ambayo wengi hawaioni. Gharama hiyo ni uzito.

Kila pikapu ina kipimo cha mzigo ambao iliumbiwa. Tuseme pikapu yenu imepimwa kubeba kilo 1,000. Sasa fundi anaondoa bodi la zamani na kuweka la kuinuka. Anaongeza fremu, bawaba, jeki na mwega. Tuseme vitu hivyo vyote vimeongeza kilo 150 juu ya uzito wa bodi la zamani. Kilo hizo 150 zitakuwa ndani ya gari kila siku. Zitakuwemo siku ya mchanga, na zitakuwemo siku ya nyanya.

Nyanya hazimwagwi kwa tipa. Tenga la nyanya hushushwa kwa mikono, tena kwa uangalifu. Kwa hiyo siku ya nyanya tipa halikusaidii kitu, ila linakula nafasi ya mzigo wako. Tuseme tenga moja lina kilo 40. Basi kilo 150 ni karibu matenga manne. Kila safari ya Morogoro mtaacha nyuma karibu matenga manne ya nyanya.

Hesabuni wenyewe. Kwa mwaka mzima, pikapu yenu hubeba mazao siku ngapi? Hubeba mchanga na samadi siku ngapi? Ikiwa mnabeba mchanga mara moja kwa mwezi, makoleo manne yanatosha. Ikiwa mnajenga madarasa, au mnauza mchanga kila siku, tipa linaweza kuwafaa.

Ipo njia nyingine kwa mzigo mwepesi kama samadi kavu. Tandika turubai gumu ndani ya bodi kabla ya kupakia. Ukifika shambani, fungua mlango wa nyuma. Funga ncha za turubai kwenye mti imara. Watu wakae mbali. Kisha sogeza gari mbele polepole. Turubai linabaki nyuma pamoja na samadi. Njia hiyo haina jeki, haina bawaba, na haihitaji kukata chasisi.

Bodi likijaa si kipimo

Sasa tuseme mmehesabu na mmeona kwamba tipa linawafaa. Tuendelee na hesabu. Wewe uliyejifunza kusoma na kuandika, chukua penseli na karatasi.

Debe moja la lita 20, likijaa maji, lina kilo 20. Mchanga ni mzito kuliko maji. Debe moja la mchanga mkavu lina kilo 30 na zaidi. Debe moja la mchanga uliolowa hufika karibu kilo 40. Mchanga wa mtoni kwa kawaida umelowa. Kwa hiyo tutahesabu kilo 40.

Pikapu yetu ilipimwa kubeba kilo 1,000. Toa kilo 150 za tipa. Toa kilo 140 za dereva na mwenzake, kila mmoja kilo 70. Zinabaki kilo 710. Gawa kwa 40. Unapata debe 17 na kilo chache zinabaki.

Debe 17 tu! Wengi watashangaa. Tuliangalie bodi lenyewe. Lina urefu wa mita 2, upana wa mita 1 na nusu, na kina cha sentimita 40. Ukilijaza mpaka juu linachukua lita 1,200. Hizo ni debe 60. Debe 60 za mchanga uliolowa ni kilo 2,400. Hizo ni zaidi ya mara tatu ya kilo 710.

Je, debe 17 zinafika wapi katika bodi hilo? Ukizisawazisha, zinafika kina cha sentimita 11 tu. Ni kama upana wa kiganja cha mkono pamoja na kidole gumba.

Ndiyo maana nasema bodi likijaa si kipimo. Macho yanasema, "Ongeza, nafasi bado ipo." Springi, ekseli na breki zinasema, "Basi." Mwenye gari anayeyasikiliza macho atakuja kuzisikiliza breki zikilia kwenye mteremko. Nasi wa Uluguru tunaijua miteremko yetu.

Kwa hiyo ninashauri mambo mawili. La kwanza, mwambie fundi ajenge bodi lenye kuta fupi. Bodi fupi haliwezi kujazwa kupita kiasi. La pili, pigeni mstari mwekundu wa rangi ndani ya bodi. Mchanga ukifika kwenye mstari, makoleo yasimame. Mstari hauna ndugu wala rafiki. Hata mwenyekiti akisema, "Ongeza kidogo," mstari utabaki pale pale.

Hesabu hii ni ya mfano. Pikapu yenu ina kipimo chake. Zile ndogo tunazoziita kirikuu hubeba kidogo zaidi. Someni kipimo cha gari lenu katika kitabu chake au kadi yake, kisha fanyeni hesabu yenu.

Jeki iwekwe wapi?

Kila mtu aliyewahi kutumia mtarimbo anajua jambo hili. Ukishika mtarimbo mwishoni, jiwe linainuka kwa urahisi. Ukishika karibu na jiwe, unatoka jasho bure.

Bodi la tipa ni kama mtarimbo. Nyuma pana bawaba. Mbele ndipo panapoinuka. Tuseme bodi na mchanga wake vina kilo 800, na mchanga umesambazwa sawasawa. Ukiinua mbele kabisa, unainua kilo 400. Ukiinua katikati, unainua kilo 800. Ukiinua karibu na bawaba, kwenye robo ya urefu, jeki inabeba kilo 1,600.

Basi kwa nini tusiweke jeki mbele kabisa? Kwa sababu mbele bodi hupanda juu sana. Bodi la mita 2 likiinuka nusu ya kona ya mraba, mbele hupanda mita 1 na sentimita 40. Katikati hupanda sentimita 70. Kwenye robo hupanda sentimita 35. Jeki ya kawaida ya kubadilishia gurudumu hupanda kama shubiri moja tu. Haifiki. Ndiyo maana mafundi hutafuta silinda ndefu ya mashine kuukuu, au winchi.

Je, bodi liinuke mpaka wapi? Mchanga wenyewe utakuambia. Mwaga ndoo ya mchanga mkavu chini. Utafanya kichuguu. Tazama mteremko wa kichuguu hicho. Katika mteremko ule, mchanga unakaa bila kuteleza. Bodi lazima liinuke zaidi ya hapo. Nusu ya kona ya mraba hutosha kwa mchanga mkavu. Ukitaka kuiona nusu hiyo, chukua karatasi ya mraba uikunje kona kwa kona. Mchanga uliolowa hung'ang'ania zaidi. Ukikwama, shusha bodi kwanza, kisha tumia koleo. Usimpandishe mtu kwenye bodi lililoinuka.

Mwega uwe wa namna gani?

Tuseme bodi tupu lina kilo 150. Mwega ukisimama mbele, unabeba nusu yake, yaani kilo 75. Mtu atasema, "Hata gogo la mti linabeba kilo 75." Ni kweli. Lakini gogo huteleza. Gogo husahauliwa nyumbani. Gogo siku moja litaingizwa jikoni, maharage yatapikwa kwa gogo hilo.

Kwa hiyo mwega uwe wa chuma, tena uwe miwili, mmoja kila upande. Mguu wa kila mwega ufungwe kwa pini kwenye chasisi. Usitoke kamwe katika gari. Ukiwa hautumiki, unalala juu ya chasisi. Bodi likipanda, unausimamisha. Kichwa chake kiingie katika kikombe cha chuma chini ya bodi, kisha pini ipite. Pini ifungwe kwa mnyororo mfupi ili isipotee. Kisha bodi lishushwe kidogo mpaka lilale juu ya mwega.

Chuma chake kiwe imara mara nyingi kuliko kilo 75. Kwa nini? Kwa sababu siku moja mtu atasahau mchanga uliogandamana ndani ya bodi.

Na kanuni zake ni mbili. Ya kwanza: bodi likiwa juu na lina mzigo, mtu asiingie chini kwa sababu yoyote, hata kama mwega upo. Ya pili: bodi likiwa juu na ni tupu, mwega usimame kwanza, ndipo mtu aingie.

Siku ya kumwaga

Tipa likishakamilika, ajali bado zaweza kutokea. Yakumbuke mambo haya.

Simamisha gari mahali tambarare. Gurudumu la upande mmoja likiwa juu na la pili likiwa chini, bodi likipanda gari litalala ubavu. Huku kwetu milimani ni lazima kuchagua mahali.

Tazama juu. Kama kuna nyaya za umeme, ondoka hapo.

Fungua mlango wa nyuma kabla ya kuinua. Ukiusahau, mchanga wote utarundikana nyuma, na magurudumu ya mbele yataacha ardhi.

Watoto wafukuzwe mbali. Mtu asisimame nyuma wala ubavuni.

Shusha bodi kabisa kabla ya kuondoka. Kisha funga kitasa cha mbele ili lisipande lenyewe njiani.

Mwisho, tipa si basi. Usipakie watu ndani ya bodi. Kitasa kikiachia kwenye kilima, watu watamwagwa kama mchanga.

Wanaosema vingine

Najua wako watu wasiokubaliana nami. Nimewasikia. Tuwajibu kwa heshima.

Wa kwanza husema, "Fundi wetu ni mzoefu. Jeki yake haijaangusha bodi hata siku moja." Mimi nasema, mpira wa ndani ya jeki hauujui uzoefu wa fundi. Unachakaa kimya kimya. Jeki iliyoliangusha bodi juu ya lile kopo la grisi, nayo ilikuwa haijaangusha kitu kabla ya siku ile.

Wa pili husema, "Mwega ni gharama." Ni kweli, ni gharama. Lakini linganisheni. Ni vipande viwili vya chuma, vikombe viwili, pini nne na kazi ya kuchomelea. Kama kikundi kina fedha ya jeki na hakina fedha ya vipande viwili vya chuma, basi hakina fedha ya tipa. Kingoje kwanza.

Wa tatu husema, "Mambo haya waachieni wenye viwanda. Watu wa kijijini hawawezi." Huyu simkubali hata kidogo. Shirika la SIDO liliundwa mwaka 1973 ili kusaidia viwanda vidogo katika nchi yetu. Kwa miaka mingi mafundi wetu wametengeneza mashine za kusaga, mikokoteni na majiko. Lakini msomaji, jua jambo moja. Malori mengi ya tipa ya kiwandani nayo yana chuma cha kushikilia bodi wakati wa matengenezo. Ikiwa wenye viwanda hawaiamini jeki peke yake, kwa nini sisi tuiamini?

Waulizeni wanaojua

Msikate chasisi kabla ya kuuliza. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inakataza kuendesha gari bovu au la hatari barabarani. Kwa hiyo nendeni kwanza kwa polisi wa usalama barabarani. Nendeni pia Mamlaka ya Mapato, maana ndiyo inayosajili magari. Waulizeni kama badiliko hilo linakubaliwa na linaandikwa vipi. Mwenye bima yenu naye aambiwe. Gari likibadilishwa bila yeye kujua, siku ya ajali mnaweza kukosa fidia.

Kwa ushauri wa kazi, Morogoro mjini ipo ofisi ya SIDO, na Kihonda kipo chuo cha ufundi cha VETA. Pelekeni mchoro wenu mkaulize. Kuuliza si ujinga.

Tumia kalamu yako

Sasa nakuja kwa jambo linalokuhusu wewe hasa, ndugu uliyejifunza kusoma na kuandika ukiwa mtu mzima. Zamani mtu alikubaliana na fundi kwa mdomo. Likitokea jambo, kila mmoja alisema lake. Leo unaweza kuandika. Basi andika.

Andika maneno kama haya:

"Sisi kikundi tumekubaliana na fundi kwamba atatengeneza bodi la kuinuka. Kwanza atatengeneza mwega miwili ya chuma na kuifunga kwenye chasisi. Pili ataweka bodi na jeki. Tatu ataijaribu mwega mbele ya wanakikundi: bodi tupu litalala juu ya mwega usiku kucha bila jeki. Asubuhi likiwa halijasogea, atalipwa fedha iliyobaki."

Wekeni tarehe. Wekeni saini. Kila upande ubaki na karatasi yake.

Kisha chukueni rangi nyeupe. Andikeni kwenye ubavu wa chasisi, chini ya bodi, kwa herufi kubwa:

USIINGIE CHINI KABLA YA MWEGA

Maneno hayo ni matano tu. Unaweza kuyasoma. Mwanao anaweza kuyasoma. Kijana anayebeba kopo la grisi naye atayasoma kabla hajainama.

Ndugu msomaji, mimi sipingi tipa. Napenda kuona mgongo wa mtu ukipumzika na kazi ikiendelea. Lakini tipa linalookoa mgongo wa mtu lisije likachukua maisha yake. Tukitengeneza, tutengeneze kwa hesabu. Na tuanze na kile kipande cha chuma ambacho hakiinui kitu, hakimwagi kitu, wala hakimletei mtu sifa. Kazi yake ni kusimama tu.

Mwega kwanza. Tipa baadaye.

Maswali ya kujadiliana darasani

1. Kwa nini toroli linaitwa tipa dogo?
2. Jeki na mwega vina kazi gani? Eleza tofauti yake.
3. Pikapu moja inabaki na nafasi ya kilo 600 za mzigo. Debe moja la mchanga uliolowa ni kilo 40. Pikapu hiyo ibebe debe ngapi?
4. Je, kikundi chenu kinahitaji tipa? Hesabuni siku za mazao na siku za mchanga kwa mwaka mmoja.
5. Mwandishi anasema fundi asimaliziwe fedha kabla mwega haujajaribiwa. Je, unakubali? Fundi naye angesema nini?
6. Andika mapatano mafupi kati ya kikundi chako na fundi kwa kazi yoyote mnayotaka ifanywe.

Maneno ya kukumbuka

Bawaba: kifaa kinachounganisha vitu viwili ili kimoja kiweze kufunguka, kama kwenye mlango.
Chasisi: mifupa ya chuma ya gari inayobeba bodi na injini.
Kitasa: kifungio.
Mwega: nguzo ya kushikilia kitu kisianguke.
Tipa: gari lenye bodi la kuinuka ili kumwaga mzigo.